Dada Alipata Vocha, Hakupata Nyumba

Insha ya leo ni ndefu kidogo. Ukiwa na bando ndogo, isome taratibu, haiendi popote.

Inaanza na sauti ya WhatsApp. Mwaka juzi dada yangu mkubwa, aliyepelekwa Marekani na sasa anakaa Texas na watoto watatu, alituma sauti ya dakika moja. Anacheka na kulia kwa pamoja. "Mwambie mama nimepata vocha ya nyumba." Mimi nilikuwa Gitega, kwenye chumba ninachopanga. Mama yuko Kinama. (Kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika mliofika juzi: Kinama ninayosema siyo ule mtaa wa Bujumbura. Ni kambi iliyoko Gasorwe, Muyinga, iliyofunguliwa 2002 kwa ajili yetu tuliokimbia Kongo. Kwenye karatasi za sasa Muyinga imeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza, lakini sisi bado tunasema Muyinga tu.)

Nikampigia mama. Jibu lake la kwanza: "Vocha? Si angeniwekea mimi kwenye simu?" Tukacheka. Kisha nikamfafanulia, nikasema serikali ya Marekani imempa dada nyumba. Hapo ndipo nilipokosea.

Mama aliwaambia majirani jioni ileile. Kufikia Jumapili watu wa ibada walikuwa wanamshukuru Mungu kwa nyumba ya dada yangu. Miezi mitatu baadaye dada akasema ile karatasi muda wake umekwisha, nyumba hakupata, bado wanalala kwa rafiki, wanne kwenye chumba kimoja. Mama hakuamini. Kwake yeye nyumba ya serikali ikishatolewa imetolewa. Akasema mtoto ameiuza, au anaficha ili asiombwe pesa. Karibu mwaka mzima hawakuongea vizuri, na mimi katikati nikibeba maneno huku na huku. Yote kwa sababu ya neno moja nililolitafsiri vibaya.

Ndiyo maana nimekaa nikasoma hii kitu inatoka wapi. Najua humu ndani wapo wengi wenye ndugu Marekani wanaosikia "seksheni eiti" kila siku na hawajui ni nini hasa.

Tuanzie karibu, kwa sababu kichwa cha mama yangu hakikujazwa na ujinga. Kilijazwa na historia. Huku kwetu, serikali iliposema itasaidia watu kwa makazi, maana yake ilikuwa kujenga. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda ofisi iliyoitwa Office des Cités Africaines, ikajenga mitaa ya nyumba kwa Waafrika Léopoldville, Bukavu, na Usumbura ambayo ndiyo Bujumbura ya leo. Mtaa wa Ngagara wazee wengine mpaka leo wanauita OCAF. Tanzania ilipopata uhuru iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na 1971 serikali ya Nyerere ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ukipewa nyumba ya namna hiyo unapewa ukuta, mlango na ufunguo. Na kambini ni vilevile: mama alipofika Kinama alioneshwa kiwanja, akapewa miti na shitingi, baadaye tukapiga matofali ya udongo. Ni kidogo, lakini ni mahali. Hakuna siku alipewa karatasi akaambiwa nenda katafute mwenye nyumba atakayekubali.

Marekani nao walianza kwa kujenga. Sheria ya Nyumba ya 1937, wakati wa Rais Roosevelt, ilizipa mamlaka za nyumba za miji fedha za kujenga majengo ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Sasa hapa kuna jambo lililonishangaza. Katika mabishano ya miaka ile ile ya 1930, waliokuwa wakidai serikali isijenge, badala yake iwape maskini hati ya kulipia kodi kwa wenye nyumba binafsi, walikuwa wafanyabiashara wa nyumba wenyewe, kupitia chama chao cha kitaifa. Yaani wazo la vocha lilitoka upande wa wenye nyumba, siyo wa wapangaji. Walishindwa wakati ule. Serikali ikajenga.

Ikajenga sana, na mahali pengine vibaya. Mfano unaotajwa kila mara ni Pruitt-Igoe, mji wa St. Louis: majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, watu wakaanza kuingia 1954, na 1972 serikali ikaanza kuyabomoa kwa baruti. Miaka kumi na minane tu! Kwa nini yaliharibika ni ugomvi mpaka leo, lakini sababu moja tunaweza kuielewa hata sisi: matengenezo yalitakiwa kulipwa na kodi za wapangaji, na wapangaji walikuwa maskini kuliko ilivyotarajiwa. Lifti ikifa inabaki imekufa. Mamlaka ikipandisha kodi ili itengeneze, watu wanalipa nusu ya mshahara na bado lifti haiendi.

Ndipo akaingia Edward Brooke, seneta wa Massachusetts, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuchaguliwa kwenye Seneti kwa kura za wananchi, mwaka 1966. Mwaka 1969 alipitisha kifungu kilichosema mpangaji wa nyumba ya serikali asilipe zaidi ya robo ya kipato chake. Mwaka 1981, wakati wa Reagan, ile robo ikapandishwa kuwa asilimia 30, na 30 hiyo ndiyo mpaka leo. Nawaomba mkumbuke namba hii. Dada yangu alipoambiwa utalipa "thelathini", ilikuwa imepitia mkono wa Brooke.

Januari 1973 Nixon alisimamisha miradi mipya ya nyumba za ruzuku. Tarehe 22 Agosti 1974, wiki mbili tu baada ya Nixon kujiuzulu, Gerald Ford akatia saini sheria mpya ya nyumba na maendeleo ya jamii. Sheria hiyo iliongeza kifungu cha nane ndani ya ile sheria ya 1937. Jina "Section 8" lilitoka hapo, halina siri nyingine. Ni namba ya kifungu, kama sisi tunavyosema "artikle" fulani. Mwanzoni ilikuwa hati, 1983 ikaja vocha yenye uhuru zaidi, na 1998 wakati wa Clinton zote mbili ziliunganishwa kuwa mpango mmoja. Leo familia zaidi ya milioni mbili zinaishi kwa vocha hiyo.

Kilichobadilika 1974 ni hiki: msaada ulitoka kwenye nyumba ukahamia kwa mtu. Zamani ukiondoka kwenye jengo unaacha msaada nyuma. Sasa unatembea nao mfukoni. Lakini mfukoni hakuna ukuta. Ukuta ni wa mtu mwingine, na huyo mtu ana mdomo wa kusema hapana.

Sasa inavyofanya kazi. Nimemuuliza dada, nimemuuliza na mtu mmoja tuliyekua naye Kinama ambaye yuko Massachusetts, na nimesoma kanuni zenyewe.

Unaandikisha jina kwenye mamlaka ya nyumba ya mji au wilaya yako. Zipo zaidi ya 2,000 nchi nzima, na fedha zinatoka wizara ya nyumba ya serikali kuu, HUD. Kipato chako kwa kawaida kiwe chini ya nusu ya kipato cha kati cha eneo lile, na kati ya vocha mpya nne, tatu lazima ziende kwa walio chini zaidi ya hapo. Halafu unangoja. Foleni ni miaka, mahali pengine orodha imefungwa kabisa, au wanafungua kwa siku chache na kuchagua kwa bahati nasibu. Hii ni kwa sababu Bunge la Marekani halikuifanya vocha kuwa haki ya kila anayestahili. Linatenga fedha kiasi, zikiisha zimeisha. Katika familia nne zinazostahili msaada wa kodi, ni kama moja tu inayoupata. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu ndugu aliyeko kule kwa "kukaa bila kuomba", tujue huenda aliomba zamani.

Siku jina likifika, unaitwa, unathibitishwa kipato na idadi ya watu, unapewa vocha. Inaandikwa vyumba vingapi vinakufaa. Na inaandikwa tarehe ya kwisha. Kanuni inasema muda wa kwanza usipungue siku 60. Mamlaka inaweza kuongeza, siyo lazima.

Ndani ya siku hizo utafute nyumba mwenyewe. Kodi isizidi kiasi kinachofaa kwa nyumba za aina ile eneo lile. Kiwango cha mamlaka hupimwa kwa hesabu ya HUD ya kodi za soko: wanapanga kodi za eneo kutoka ndogo hadi kubwa, wanachukua pale ambapo nyumba 40 katika 100 ziko chini yake, kisha mamlaka inaweka kiwango chake kati ya asilimia 90 na 110 ya hapo. Ukitaka nyumba ya juu zaidi, tofauti inatoka kwako, ila unapoingia sehemu yako isipite asilimia 40 ya kipato.

Mfano wa hesabu, namba ni zangu. Kodi ni dola 1,200. Kipato chako kwa mwezi, baada ya makato yanayoruhusiwa, ni dola 1,500. Asilimia 30 ni 450. Wewe unampa mwenye nyumba 450, mamlaka inampa 750, moja kwa moja, hazipiti mkononi mwako. Ukipunguziwa kazi ukabaki na 600 kwa mwezi, unaripoti, sehemu yako inashuka mpaka 180 na mamlaka inabeba 1,020. Hiki kitu kwa kweli ni kizuri, niseme tu. Mimi Gitega nikikosa kazi wiki mbili, kodi haijui habari hiyo.

Mikataba iko miwili. Mmoja kati yako na mwenye nyumba, wa kawaida, mara nyingi mwaka mmoja. Wa pili kati ya mwenye nyumba na mamlaka. Kabla ya huo wa pili, mkaguzi anakuja kuangalia nyumba: maji, umeme, madirisha, kengele ya moshi, rangi yenye risasi kama nyumba ni ya zamani na kuna watoto. Ikishindwa, mwenye nyumba atengeneze, mkaguzi arudi. Malipo ya serikali hayaanzi mpaka nyumba ipite. Na mwenye nyumba haruhusiwi kukuomba pesa ya pembeni juu ya ile iliyoandikwa. Ile "ongeza kidogo tuelewane" ya kwetu, kule ni kosa.

Mpangaji naye ana mitego yake, na mmoja unatuhusu sisi hasa. Watu wanaolala kwenye nyumba lazima waandikwe. Mjomba akija "kwa wiki mbili" akakaa miezi mitano, kwa kanuni huyo ni mkazi asiyeruhusiwa, na kipato chake kimefichwa. Familia inaweza kunyang'anywa vocha kwa ajili ya hilo. Rafiki wa Massachusetts aliniambia alimkatalia binamu yake mlango, na ukoo mzima ukamwita Mzungu. Hakuwa na maneno ya kuwaeleza. Basi mmeyasikia sasa.

Turudi Texas. Dada alipata vocha, akaanza kupiga simu. Alitembelea nyumba kumi na moja. Nyingine zilikuwa juu ya kiwango. Nyingine mwenye nyumba alitaka historia ya mikopo, yaani rekodi inayoonyesha umewahi kukopa na kulipa, na mkimbizi anayekuja na mfuko wa IOM na picha ya kifua hana rekodi hiyo. Nyingine zilihitaji garanti, na garanti kwa kawaida vocha hailipi, unajitafutia. Lakini nyingi, anasema, simu ilikatika kwa sentensi moja: hatupokei vocha.

Na kule wanaruhusiwa. Sheria ya taifa inakataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini, asili ya nchi, kuwa na watoto. Haisemi kitu juu ya pesa ya kodi inatoka wapi. Hilo limeachiwa majimbo na miji. Massachusetts ilikataza tangu 1971 kumbagua mpangaji kwa sababu anapata msaada wa serikali, hata kabla ya Section 8 yenyewe kuzaliwa. Jimbo la New York lilifika huko 2019. Texas ilikwenda njia nyingine: mji wa Austin ulipotunga sheria ndogo mwishoni mwa 2014 ya kuwazuia wenye nyumba kukataa vocha, bunge la jimbo mwaka 2015 likapitisha sheria ya kuizuia miji isifanye hivyo, isipokuwa kwa wanajeshi wastaafu. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kutoka Kinama na mzigo uleule, mmoja akashukia Massachusetts na mwingine Texas, na karatasi ileile ikawa na nguvu tofauti. Hakuna aliyewauliza wanataka wapi.

Wenye nyumba nao wana la kusema, na sipendi kuandika kama wote ni watu wabaya. Kwao vocha ina raha moja kubwa: sehemu ya serikali inafika kila mwezi, hata mpangaji akifukuzwa kazi. Wakati wa korona wengi waliliona hilo. Lakini ukaguzi unachukua muda, nyumba inakaa tupu wiki kadhaa bila kuingiza kitu. Mwenye nyumba wa jengo moja dogo hana ofisi ya kushughulika na fomu. Wengine walishagombana na mamlaka juu ya bomba au ngazi. Haya ni malalamiko ya kweli, na miji mingine imejibu kwa kuwalipa wenye nyumba kitu kidogo cha kuanzia, au kuweka mfuko wa kufidia uharibifu. Baada ya kuondoa hayo yote, kinabaki kile ambacho hakiandikwi kwenye fomu: hawataki watu wa aina fulani. Na sisi tunakijua kwa harufu.

Mwaka niliohamia Gitega nilikuwa na faranga za miezi mitatu mkononi, nimezihesabu mara mbili. Komisioneri alishanionyesha chumba, tumekubaliana, amekula cha kwake. Mwenye nyumba akaomba kitambulisho. Nikatoa kadi ya mkimbizi. Akaitazama mbele, nyuma, akanirudishia kwa adabu, akasema samahani, kumbe mke wangu alishamwahidi mtu mwingine. Chumba kile kilikaa wazi wiki tatu, nilikuwa napita hapo kila siku. Pesa yangu ilikuwa nzuri kama ya mtu yeyote.

Kuna swali wafanyakazi wa mashirika huwa wanauliza tukikaa nao Gitega: tukianza kuwalipia wakimbizi kodi, si wenye nyumba watapandisha bei kwa kila mtu? Swali siyo la bure. Desemba 2018 Rais Nkurunziza alitangaza Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, Januari 2019 ikawa sheria, na chumba changu mimi tangu nihamie kimepandishwa mara mbili. Wamarekani walijiuliza hilohilo kabla ya kueneza mpango. Katika miaka ya 1970 walichukua miji miwili, Green Bay na South Bend, wakatoa posho ya kodi kwa kila familia iliyostahili na kuomba, kisha wakapima bei kwa miaka. Bei hazikuruka kama ilivyoogopwa. Sababu kubwa ni kwamba watu wengi hawakuhama, walitengeneza vitu vidogo ili nyumba waliyomo ipite ukaguzi, na pesa iliingia sokoni polepole. Lakini 2002 mtafiti Scott Susin aliangalia miji mikubwa na akaona kinyume: palipo na vocha nyingi, kodi za maskini wasio na vocha zilipanda zaidi. Mimi naona yote mawili yanasema kitu kimoja. Inategemea kama kuna nyumba. Gitega ya sasa, ambako kila ofisi inatafuta jengo, ningeogopa matokeo ya Susin.

Shirika la NRC lilijaribu njia nyingine Lebanon na Jordan wakati wa wimbi la Wasyria. Badala ya kulipa kodi kila mwezi, walimpa mwenye nyumba fedha amalizie jengo lililokwama, naye akakubali kukaa na familia ya wakimbizi bila kodi kwa muda ulioandikwa, kawaida mwaka. Nyumba zinaongezeka, mwenyeji anapata, mkimbizi anapata. Tatizo linakuja mwezi wa kumi na tatu. Hata hivyo, ukipita pembezoni mwa Gitega ukaona misingi iliyokwama kwa kukosa saruji, wazo hilo linakuja lenyewe. Natamani mmoja wenu mwenye kiti kwenye mikutano alipeleke.

Kuna utafiti mwingine wa kule nisingependa uwapite. Mwaka 1994 serikali ilianza jaribio kwenye miji mitano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, familia kama 4,600. Baadhi walipewa vocha ya kutumika tu kwenye mitaa yenye umaskini kidogo. Miaka ya mwanzo matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa, wazazi hawakupata mishahara mizuri zaidi. Mwaka 2015 Raj Chetty na wenzake wakarudi kuwaangalia wale watoto, sasa ni watu wazima. Waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuwa wanapata karibu asilimia 31 zaidi ya wenzao waliobaki. Waliohama wakiwa wakubwa hawakupata faida hiyo. Mpwa wangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na moja vocha ilipokwisha muda.

Jambo moja la kuwatoa watu gizani, maana huwa nalisikia kwenye foleni ya maji. Mkimbizi akifika Marekani, kodi ya kwanza hailipwi na Section 8. Inalipwa na fedha ya mapokezi kupitia shirika linalompokea, inayohesabiwa kwa siku 90 za mwanzo. Baada ya hapo ni kazi yako. Vocha ni kitu kingine kabisa. Sheria inawahesabu wakimbizi kati ya wageni wanaoruhusiwa kuomba, lakini wanaingia foleni ileile ya wenyeji. Na tangu Januari 2025, mpango wa kuwapokea wakimbizi uliposimamishwa, wengi wa Kinama mliokuwa mmeshapimwa afya mnajua mlipo. Mtu akikwambia leo, hapa Muyinga, kwamba ana njia ya kukuuzia vocha ya nyumba ya Marekani, huyo ni mwizi. Haiuzwi, haitolewi nje ya nchi, na haina ada ya kuomba.

Mwaka huu wakati wa likizo nilienda Kinama, nikakaa na mama mlangoni. Sikuanza na 1937, angenifukuza. Nilianza na kile chumba cha Gitega, ambacho sikuwahi kumsimulia kwa sababu ya aibu. Akasikiliza mpaka pale pa kadi. Akauliza, "Na pesa ulikuwa nayo?" Nikasema nilikuwa nayo mama, yote. Akanyamaza. Kisha nikamwambia vocha ya dada ilikuwa kama pesa ile, nusu ya kwake nusu ya serikali, na wenye nyumba kumi na moja wakaigeuza mbele na nyuma. Na ilikuwa na tarehe ya kuisha, kama kuponi ya PAM.

"Kwa hiyo hakupewa nyumba."

Hapana mama. Nilikosea mimi kusema vile.

Akaomba simu. Texas ilikuwa bado alfajiri, dada alikuwa anajiandaa kwenda kazini, tulimsikia akifungua mlango taratibu ili watoto wasiamke. Mama hakuomba msamaha, simjui akiomba msamaha. Alisema, "Mwanangu, kumbe walikukatalia?" Dada akakaa chini, tulisikia kiti. Waliongea mpaka salio langu likaisha.

Dada ameandikishwa upya kwenye orodha. Kila Jumapili mama ananituma nimuulize amefika namba ngapi.